Harufu Si Mafuta

Rahila: Haloo! Nani mwenzangu? Sema upesi, nimemkalia mbuzi.

Shariffa: Assalamu alaykum, Rahila.

Rahila: Waalaykumu ssalaam. Nani? Sauti inakuja kama imo ndani ya— Acha mateke, we! Si wewe, mbuzi. Nani?

Shariffa: Shariffa. Mtoto wa mama yako mkubwa. Ushanisahau hata sauti?

Rahila: Aa, dada! Shikamoo. Namba hii siijui.

Shariffa: Marahaba. Ya shemegi yako Thuwein hii. Yangu haina chaji. Hamjambo huko?

Rahila: Hatujambo, alhamdulillahi. Ngoja nimdunge sindano huyu nimwachie, mwenyewe ananitolea macho kama namchinja. [mbuzi analia] Haya, kaondoka. Sema, dada.

Shariffa: Uko kazini Jumapili?

Rahila: Homa ya mbuzi haijui Jumapili. Niko hapa hapa Chokocho, zizi la tatu tangu asubuhi. Kwako kwema?

Shariffa: Kwema... Nimepiga kukupa hongera. Ya ushindi wa Nyange.

Rahila: Ahsante. Imechelewa, lakini nimepokea.

Shariffa: Jana nyumba ilijaa wageni, Rahila. Sikupata hata nafasi ya—

Rahila: Nilisikia. Wageni wa pilau.

Shariffa: Nani kakwambia?

Rahila: Yule mbuzi nilimkagua mimi, umesahau? Thuwein alinipigia Alkhamisi, "njoo unitazamie mbuzi wa sherehe." Nikamwambia mzima, anafaa kuliwa. Sikujua ni sherehe ya kumpiga mwanangu.

Shariffa: Usinicheke.

Rahila: Sikucheki. Nasema tu, pambano saa tisa alasiri, mbuzi kachinjwa saa mbili asubuhi. Hata kuku humngoja mgeni afike.

Shariffa: [anapumua] Rahila, nina jambo.

Rahila: Najua. Hongera peke yake haipigwi kwa simu ya mume. Lete.

[mkwaruzo]

Shariffa: ...kamati. Umenisikia?

Rahila: Mtandao umemeza. Rudia.

Shariffa: Nimesema Thuwein kapeleka malalamiko kwenye kamati ya mashindano ya mieleka. Wanakaa leo saa kumi, pale pale uwanja wa Gombani.

Rahila: Malalamiko ya nini? Mwanawe kalala chali, mabega mawili chini, refa kapiga mkeka, uwanja mzima umeona. Analalamikia mkeka?

Shariffa: Mafuta. Wanasema Nyange aliingia kajipaka mafuta. Haitham wangu akimshika, mkono unateleza.

Rahila: Nani anasema?

Shariffa: Watu.

Rahila: Watu wana majina. Haitham kasema?

Shariffa: Thuwein mwenyewe aliona—

Rahila: Thuwein alikaa jukwaa la wageni na miwani ya jua, akipiga picha na kombe ambalo hajapewa. Nimekuuliza Haitham.

Shariffa: Mtoto ana hali mbaya. Tangu jana hajala.

Rahila: Sikuuliza kala nini.

Shariffa: We una moyo gani, Rahila? Ni mtoto wa dada yako!

Rahila: Na Nyange mtoto wa nani, wa jirani? Nyange anakuita mama mkubwa. Sasa mnataka kamati imwite mwizi.

Shariffa: Hakuna aliyesema mwizi.

Rahila: Anayepaka mafuta apate ushindi ni nani, muuza maandazi? Naijua kanuni, dada, nimeisoma. Akithibitika, ushindi unafutwa na anafungiwa miaka miwili. Miaka miwili! Ana miaka kumi na tisa. Kwenye timu ya kwenda Dar nafasi ya uzani wao ni moja, na majina yanapelekwa kesho.

Shariffa: Ndiyo maana nimekupigia mimi kabla hayajafika huko. Tuyamalize kifamilia.

Rahila: Vipi, kifamilia?

Shariffa: Nyange aandike barua, ajitoe mwenyewe. Aseme bega linamuuma. Si kweli lilikuwa linamuuma? Thuwein anafuta malalamiko, kijana hafungiwi, hakuna aibu kwa yeyote. Na mwakani Thuwein anamchukua klabu ya Chake, afanye mazoezi kwenye mkeka wa kweli. Si yale... yale—

Rahila: Yale nini?

Shariffa: Basi tu.

Rahila: Sema. Magunia ya makumbi. Ndiyo, nimeyashona mwenyewe kumi na nne, nikayajaza makumbi ya nazi, nikayapanga nyuma ya banda. Miezi minane anaangukia hayo. Mgongo wake umechubuka kama muhogo uliomenywa na mtoto. Hebu niambie, Haitham na mkeka wake wa kweli, na mwalimu aliyeletwa kutoka Unguja, alianguka vizuri zaidi?

Shariffa: Haitham alikuwa anaongoza!

Rahila: Nane bila. Najua. Nilikuwapo, upande wa wanawake, nimekaa na chupa ya maji sijaifungua. Nane bila, zimebaki sekunde arubaini. Mwanangu anabingirishwa kama pipa. Nyuma yangu wasichana wa Chake wanaimba, "Mshika mbuzi, rudi zizini." Unajua Haitham alifanya nini?

Shariffa: Rahila—

Rahila: Aliinua mkono. Aliwapungia mkono mashabiki, dada! Pambano halijaisha. Kasimama wima, miguu imekaa pamoja, kidevu juu. Miaka kumi Nyange ananisaidia kuangusha ndama wa watu ili niwachanje. Ndama akisimama hivyo humgombezi, humvuti kamba. Unainama, unampitishia mkono chini ya tumbo, unaushika mguu wa mbali, bega lako unalitia ubavuni, unaegemea tu. Anakwenda mwenyewe. Nikasimama nikapiga ukelele: "Mguu wa mbali!" Basi. Hayo ndiyo mafuta aliyopakwa.

Shariffa: Mwanangu si ndama.

Rahila: Si ndama. Ndama haringi.

Shariffa: Una maneno, Rahila. Ulikuwa nayo tangu zamani.

Rahila: Zamani nilikuwa nayameza.

Shariffa: Haya, tuseme zamani. Ulipopata chuo, nani alikuweka kwake? Miaka miwili ya diploma yako, ulilala chini ya paa la nani?

Rahila: La kwako.

Shariffa: Ulikula cha nani?

Rahila: Cha kwako. Na sijasahau, na kila Idi nakushukuru. Na nakumbuka pia chumba nilicholala.

Shariffa: Usianze.

Rahila: Sijaanza. Umeuliza paa, nakujibu chumba. Ghalani, na magunia ya karafuu. Vyumba viwili vya juu vilikuwa vitupu.

Shariffa: Vile vilikuwa... Thuwein alisema vya wageni.

Rahila: Ndiyo. Nikajua mimi si mgeni, na ndugu pia bado sijawa. Nilikwenda chuoni miaka miwili nanuka karafuu, na hakuna aliyenishitaki nimejipaka mafuta.

Shariffa: [kwa sauti ya chini] Sikujua kama uliliweka moyoni.

Rahila: Sikuliweka moyoni. Niliamka alfajiri, nikakufulia, nikakupikia, nikaenda darasani, nikafaulu. Deni lile nilishalilipa kwa mikono yangu. Simtoi Nyange kumlipa mtu.

[mkwaruzo, sauti ya mwanamume pembeni, chini chini]

Shariffa: Nasikia. Nasikia, nauliza— Rahila, hebu tuachane na hayo. Niambie jambo moja tu, ndugu kwa ndugu. Ulimpaka mafuta hukumpaka?

Rahila: Nilimpaka.

Shariffa: Ulimpaka!

Rahila: Ijumaa usiku, begani. Mafuta ya makonyo ya karafuu. Bega lilikuwa limevimba, na Pemba nzima mtu akiumwa bega hupakwa makonyo. We mwenyewe humpaki Thuwein mgongo? Jumamosi alfajiri nikamwambia aoge kwa sabuni ya kufulia, na akaoga mara mbili. Akakauka kama kuni. Harufu imebaki, ndiyo. Makonyo yakishakuingia yatakutoka keshokutwa. Lakini harufu si—

Shariffa: Kwa hiyo unakubali kwamba wewe, Rahila binti Haroub, ulimpaka mwanao Nyange mafuta ya makonyo kabla ya pambano la Jumamosi?

Rahila: [kimya]

Shariffa: Rahila? Haloo?

Rahila: Dada. Toka lini unaniita kwa jina la baba?

Shariffa: Nauliza tu.

Rahila: Miaka arubaini na mbili nimekuwa Rahila, au "we mtoto". Leo nimekuwa binti Haroub kama niko kwa kadhi. Na simu si yako. Na kuna mtu anakunong'oneza.

Shariffa: Hakuna mtu.

Rahila: Shemegi Thuwein, assalamu alaykum.

[kimya]

Rahila: Shemegi. Salamu ni sunna, kujibu ni faradhi.

Thuwein: [kwa mbali] Waalaykumu ssalaam.

Rahila: Ahsante. Unarekodi?

Thuwein: Hii ni kwa faida ya kamati, Bi Rahila. Ushahidi tu. Umekwishasema mwenyewe.

Shariffa: Rahila, wallahi mimi nilimwambia si vizuri—

Rahila: Nyamaza kidogo, dada. Usikate, shemegi. Rekodi. Na ukikata katikati ukapeleka kipande, nitajua, kwa sababu nitakuwa nimekaa hapo hapo kamatini na nitaidai nzima. Uko tayari? Sogeza simu, sauti yangu iingie vizuri.

Thuwein: Hatuhitaji hotuba.

Rahila: Ulihitaji maneno yangu, nakupa yote. Mimi Rahila binti Haroub, afisa mifugo, Chokocho. Ijumaa usiku nilimpaka mwanangu makonyo begani. Sifichi, sijutii, na bega likivimba tena nitampaka tena. Jumamosi aliingia mkekani mkavu. Refa Ashraf alimfuta kwa kitambaa cheupe shingoni, mikononi na begani, mbele ya watu wote, kisha akakiinua kitambaa kukitazama. Kilikuwa cheupe vile vile. Alimnusa, akacheka. Akamfuta na Haitham pia. Kitambaa anacho yeye. Kamati imuulize yeye, isiniulize mimi wala shemegi yangu.

Thuwein: Refa anaweza kukosea.

Rahila: Anaweza. Lakini mashindano matatu huyo huyo Ashraf alimpa ushindi Haitham, sikukusikia ukilalamika. Jana ndiyo kapofuka?

Thuwein: Basi warudie! Kama Nyange wako ni mkweli, warudie pambano leo, mbele ya kamati, aoge pale pale.

Rahila: Aa-a. Aliyeanguka ndiye anayetaka kurudia. Angeshinda Haitham kwa sekunde moja, ungekubali warudie? Pilau lenu mngelirudisha sufuriani?

Thuwein: Unajua naongea na nani kwenye ile kamati?

Rahila: Endelea, shemegi. Bado inarekodi.

[mkwaruzo mrefu]

Shariffa: Thuwein, nipe simu. Nipe. Watu watatusikia. Rahila... upo?

Rahila: Nipo.

Shariffa: Basi. Yamekwisha. Nakata.

Rahila: Hayajaisha. Nimekuuliza mara mbili hukunijibu, sasa ya tatu. Haitham kasema kateleza?

Shariffa: Rahila...

Rahila: Alimshika mwenzake kwa mikono yake miwili. Si wewe, si baba yake, si watu. Kasema?

Shariffa: Hajasema.

Rahila: Kasema nini?

Shariffa: Hajasema neno. Alirudi jana, akavua viatu, akaingia chumbani. Sahani naipeleka nairudisha. Baba yake kamwandikia karatasi ya malalamiko atie saini, hajaitia. Ipo mlangoni.

Thuwein: Shariffa!

Shariffa: Ndiyo, hajaitia! Umeiweka mwenyewe chini ya mlango tangu usiku, na asubuhi nimeikuta imerudishwa nje. Mara mbili! Nikadanganye mpaka lini? Mimi ndiye mamake.

Rahila: Mgongee.

Shariffa: Nini?

Rahila: Mgongee mlango. Sasa hivi, simu ikiwa mkononi. Muulize.

Thuwein: Hilo halipo. Lete hiyo simu, vocha inaisha.

Shariffa: Iishe. Subiri, Rahila, napanda ngazi. [nyayo, mlango unagongwa] Haitham. Haitham, mwanangu, fungua. Mama mdogo Rahila yuko kwenye simu.

[anagonga tena]

Shariffa: Hafungui.

Rahila: Weka simu mlangoni. Haitham! Ni mimi. Sikuja kukucheka. Miye nimekuogesha, nimekubeba mgongoni nikisoma vitabu vya chuo, usinione haya. Nakuuliza swali moja, na baba yako anarekodi, kwa hiyo jibu kama mwanamume anayejua atasikiwa. Ulipomshika Nyange, aliteleza?

[kitasa kinazungushwa]

Haitham: ...Shikamoo, mama mdogo.

Rahila: Marahaba. Aliteleza?

Thuwein: [anakaribia] Haitham, fikiri kwanza.

Haitham: Nimefikiri usiku kucha, baba. Hakuteleza. Mkono wake ulikuwa mkavu, una sugu kama gome la mnazi. Mimi sikumwangalia. Nilikuwa naangalia jukwaani.

Rahila: Haya.

Haitham: Nilipoangalia chini, mguu wangu ulikuwa kwake.

Shariffa: [analia kidogo] Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Thuwein: Unajua umefanya nini? Unajua nimetumia mwaka mzima—

Haitham: Najua, baba. Lakini karatasi ile sitii saini. Jana kuanguka nilianguka mbele ya uwanja mzima, na hilo nitalivumilia. La kusema uongo siliwezi, Nyange ni ndugu yangu, nitakutana naye kila Idi.

[mkwaruzo, mlio mfupi wa salio]

Shariffa: Rahila, salio linalia.

Rahila: Nasikia. Shemegi, rekodi hiyo usiifute. Ulitaka ushahidi, umeupata. Ipeleke kamatini mwenyewe, au ukafute malalamiko mwenyewe kabla ya saa kumi, uchague lipi halikuumizi sana. Mimi nitakuwapo. Nyange atakuwapo, kaoga, na bega nimelipaka tena asubuhi. Wote wanuse wanavyotaka.

Thuwein: ...Saa tisa na nusu nitakuwa pale. Kabla hawajakaa.

Rahila: Vizuri. Dada, mpe mtoto uji, asianze na pilau, tumbo liko tupu.

Shariffa: Nampa, nampa. Rahila, yale ya chumba—

Rahila: Tutaongea. Si kwa simu ya mumeo.

Haitham: Mama mdogo! Mwambie Nyange asizoee. Mwakani namwangusha.

Rahila: Njoo Gombani umwambie mwenyewe. Na ukija, shusha kidevu.

Shariffa: Rahila, inakata—

Rahila: Ikate! Mimi nina mbuzi sita hapa na saa mbili tu za—

[simu imekatika]